Fundi wa hariri wa Spitalfields: siku yake, ujira wake na Jumatatu yake

Swali nililoletewa limetoka kwa msomaji mmoja wa Tanga, ambaye baba yake ni fundi cherehani. Anasema kwamba shuleni, walipofika kwenye mapinduzi ya viwanda, alisoma habari za injini ya mvuke na mashine za kusokota pamba, lakini katika somo zima hakumwona mtu. Anauliza: "Kabla ya viwanda, fundi wa kawaida wa Ulaya aliishi vipi siku kwa siku? Aliamka saa ngapi, alikula nini, alilipwaje? Na je, ni kweli kwamba alikuwa huru kuliko kibarua wa kiwandani aliyekuja baada yake?"

Ulaya ni kubwa na karne ya 18 ni ndefu; seremala wa Prague hakuishi kama mwashi wa Lisbon, na hata ndani ya mji mmoja mfua dhahabu na mshona viatu hawakuwa watu wa hali moja. Kwa hiyo nitachagua mtaa mmoja na kazi moja, nikae hapo. Mtaa ni Spitalfields, nje kidogo ya ukuta wa mashariki wa jiji la London, na kazi ni ufumaji wa hariri. Nimeuchagua kwa sababu habari zake zimehifadhiwa vizuri, na pia kwa sababu mtoto wa fundi cherehani ataelewa upesi neno ambalo ndilo ufunguo wa maisha yote ya mfumaji huyu: alilipwa kwa kipande. Hakulipwa kwa saa wala kwa mwezi. Alilipwa kwa kila yadi aliyoifuma na kuipeleka, na karibu kila jambo utakaloliona hapa chini, tangu saa ya kulala hadi ugomvi wake na matajiri, linatokana na hilo.

Hariri ilifumwa London tangu zamani, lakini mtaa huu ulikua hasa baada ya mwaka 1685, Mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa alipoifuta Amri ya Nantes, ambayo ilikuwa imewapa Waprotestanti wa nchi yake ruhusa ya kuabudu. Maelfu yao, waliojulikana kama Wahuguenot, walikimbilia Uingereza, na wafumaji wengi miongoni mwao wakakaa Spitalfields na Bethnal Green. Kanisa walilolijenga mwaka 1743 katika kona ya Brick Lane lingali limesimama. Baadaye lilikuwa sinagogi, na leo ni msikiti. Kufikia katikati ya karne, wajukuu wa wakimbizi hao walikuwa wamekwisha changanyika na Waingereza na Waairishi waliokuja kutafuta kazi hiyo hiyo.

Juu kabisa katika kazi hii ya hariri walikuwa wafanyabiashara wa vitambaa, waliowauzia watu wa nasaba. Chini yao alikuwepo tajiri wa hariri, aliyenunua uzi kutoka Italia, Bengal na China, akaupeleka kusokotwa na kutiwa rangi, kisha akaugawa kwa mafundi. Huyo ndiye aliyeishi katika zile nyumba ndefu za matofali ambazo watalii huzipiga picha leo, na naomba msomaji asimchanganye na fundi. Fundi mwenyewe alipanga chumba kimoja au viwili, mara nyingi ghorofa ya juu kabisa, akafumia humo humo alimolala. Kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1563, alitakiwa kuwa amekaa miaka 7 kama mwanagenzi katika nyumba ya fundi mwingine, akila na kulala kwake, bila mshahara na bila ruhusa ya kuoa.

Hebu tukisogelee kitanda cha mfumi. Kilikuwa chombo cha kufumia, cha mbao, chenye urefu wa kitanda cha kulalia na kimo cha mtu, na kilimeza sehemu kubwa ya chumba, hata vitu vingine vyote vya nyumba vikajibana pembeni. Juu yake ulitandwa mtande, yaani nyuzi za urefu, na za hariri zilikuwa maelfu katika kitambaa chenye upana wa sentimita 50 hivi. Kila uzi ulipaswa kupitishwa mahali pake mmoja mmoja, na siku zote alizozitumia fundi katika kuutandika mtande mpya hazikuzaa hata yadi moja ya kupeleka kwa tajiri. Mtande ukishakaa sawa, miguu yake ilikanyaga vibao vya chini, nyuzi zikapanuka kama mdomo, naye akapitisha katikati yake kijichombo cha mti kilichochongoka pande mbili kama mtumbwi, chenye uzi wa mshindio ndani yake, kisha akaupiga uzi huo ukae. Kukanyaga, kupitisha, kupiga: hivyo maelfu ya mara kwa siku.

Ikiwa kitambaa kilikuwa cha maua, alihitaji msaidizi, mara nyingi mtoto, ambaye alisimama ubavuni akivuta kamba kwa mpangilio maalumu ili nyuzi fulani za mtande ziinuke na nyingine zibaki chini. Kamba moja ikivutwa mahali pa nyingine, kosa lilionekana katika jani au petali, na likaonekana vilevile tajiri alipokikunjua kitambaa mezani kwake Jumamosi.

Dirisha la chumba lilikuwa pana kuliko madirisha ya kawaida, kwa sababu bila mwanga mwingi hakuna awezaye kutofautisha nyuzi nyembamba za rangi zinazokaribiana. Mishumaa iligharimu fedha, na tone moja la mafuta liliharibu hariri. Mikono nayo ilitakiwa iwe laini, maana ngozi yenye sugu hukwaruza na kunasa nyuzi. Hapa pana jambo ambalo mara nyingi husahauliwa: fundi wa hariri aliyekosa kazi hakuweza kwenda bandarini kubeba magunia mwezi mzima kisha akarudi kwenye kitanda chake, kwa kuwa mikono ile isingemfaa tena. Ufundi wake ulimpa jina na heshima, lakini ulimfunga mahali pamoja.

Kuhusu afya, daktari wa Italia Bernardino Ramazzini alichapisha mwaka 1700 uchunguzi mkubwa juu ya maradhi ya mafundi wa kila aina, akawasihi madaktari wenzake wamwulize kila mgonjwa swali ambalo hawakuwa na desturi ya kuliuliza: unafanya kazi gani? Mfumaji alikaa ameinama kutwa nzima, kifua kikiegemea gogo la mbele la kitanda chake, macho yakikaza uzi. Huhitaji kuwa daktari kujua mtu wa namna hiyo anaumwa wapi akifika miaka 40.

Sasa niingie katika saa za kazi, kwa sababu msomaji ameuliza fundi aliamka saa ngapi. Kwa mafundi waliolipwa kwa siku tunaweza kujibu kwa usahihi. Sheria ya Bunge ya mwaka 1721 iliwapangia washona nguo wa London waanze saa 12 asubuhi na kumaliza saa 2 usiku, wakiwa na saa moja ya chakula cha mchana, na ikaweka kikomo cha ujira kuwa shilingi 2 kwa siku katika msimu wa kazi nyingi. Mwaka 1768 sheria mpya iliwaachia saa moja, wakamaliza saa 1 jioni. (Shilingi hiyo ndiyo iliyotuachia jina la fedha yetu, wakati huo pauni moja ilikuwa shilingi 20, na shilingi moja peni 12.) Baba wa msomaji wetu angekuwa chini ya sheria hiyo, na huenda angetafutiwa kazi kwenye kilabu cha pombe, kwa sababu mafundi nguo walikuwa na vilabu vyao maalumu ambako asiye na kazi aliandikisha jina lake na tajiri mwenye haja ya mkono akaja kumchukua. Ni kile tunachokiita kijiwe, ila chenye daftari.

Mfumaji wa hariri hakupigiwa kengele na mtu. Aliipeleka kazi yake Jumamosi, akalipwa, akalipa deni la dukani, akaenda kilabuni. Jumapili ilikuwa ya kanisa na mapumziko. Na Jumatatu mafundi wengi hawakugusa kazi. Siku hiyo waliipa jina la utani la Mtakatifu Jumatatu, kana kwamba ni sikukuu katika kalenda ya kanisa. Jumanne kazi ilianza polepole, Jumatano ikachangamka, na kuanzia Alhamisi nyumba nzima ilikuwa mbioni hadi usiku wa manane ili kipande kimalizike kabla ya Jumamosi. Wahubiri na matajiri waliandika mengi ya kuilaani Jumatatu hiyo, wakiiita uvivu na ulevi, na hadi leo wapo wanaorudia maneno hayo.

Mimi siafikiani nao. Mtu anayelipwa kwa kipande huihesabu wiki kwa kipande. Akishajua kwamba yadi fulani zitamlipia mkate, kodi na deni, na kwamba tajiri hatampa mtande mwingine kabla huu haujaisha, hana sababu ya kuzigawa saa zake sawasawa kama zinavyogawanywa kiwandani. Tena Jumatatu mara nyingi haikuwa na kazi hata kwa aliyeitaka: uzi ulikuwa bado kwa mtia rangi, au mchoro mpya haujatoka, au tajiri alimwambia arudi kesho. Kungoja ndiko kulikokuwa sehemu kubwa ya maisha ya mfumaji, na kungoja huko hakukulipwa. Anayefahamu jinsi fundi cherehani anavyokesha wiki ya Idi na kukaa bure mwezi unaofuata hatalishangaa jambo hili hata kidogo.

Katika miaka ya neema, fundi hodari aliweza kuleta nyumbani kiasi cha shilingi 10 hadi 15 kwa wiki. Mkate mkubwa wa ratili 4 uligharimu peni 5 au 6 hivi katikati ya karne, kwa hiyo familia iliyokula mkate mmoja kwa siku ilitumia shilingi 3 kwa wiki kwa mkate peke yake, na shilingi 2 hivi kwa kodi ya chumba. Zilizobaki zilikwenda kwenye makaa ya mawe, jibini, nyama kidogo, mishumaa, sabuni, viatu na bia hafifu iliyonywewa na wakubwa na watoto. Kadiri karne ilivyosonga, chai yenye sukari iliingia hata katika vyumba vya mafundi, na sukari hiyo ililimwa na Waafrika waliotiwa utumwani Jamaica na Barbados. Kikombe cha mfumaji maskini wa London kilikuwa na jasho la mtu aliyekuwa na dhiki kuu kuliko yake.

Kuhusu bia tuna shahidi mzuri. Benjamin Franklin, ambaye baadaye alikuwa mmoja wa waasisi wa Marekani, alifanya kazi katika viwanda vya uchapaji vya London akiwa kijana, miaka ya 1725 na 1726. Ameeleza kwamba mwenzake wa kwenye mtambo alikunywa painti moja ya bia (zaidi kidogo ya nusu lita) kabla ya kifunguakinywa, moja pamoja na mkate na jibini ya kifunguakinywa, moja kabla ya chakula cha mchana, moja wakati wa chakula hicho, moja alasiri saa 12, na moja baada ya kumaliza kazi. Jumamosi ilipofika, alikatwa shilingi 4 au 5 kulipia bia hiyo. Franklin alikunywa maji na akashangaliwa. Hao walikuwa wachapaji, si wafumaji, lakini imani kwamba bia ndiyo nguvu ya mkono ilikuwa ya mafundi wote, na katika mji ambao maji yake hayakuaminika, haikuwa imani ya kipuuzi.

Mke na watoto hawakuwa watazamaji. Mtoto wa miaka 6 au 7 alikaa kuzungusha uzi wa mshindio kwenye vijiti vidogo, kama mtoto wa fundi cherehani anavyojaza bobini, na mwanamke alizungusha, akasokota, na mara nyingi akafuma mwenyewe kwenye kitanda cha pili. Yadi zilizolipwa kwa jina la baba zilikuwa za watu wanne au watano, na ndiyo maana mtu akifiwa na mwenzake au akiugua, uwezo wa nyumba nzima ulianguka kwa siku moja.

Tena kazi yenyewe ilining'inia kwenye mambo ambayo fundi hakuwa na mkono nayo. Mitindo ya maua ilibadilika kila msimu. Anna Maria Garthwaite, aliyeishi mtaani humo hadi alipofariki mwaka 1763, alichora mamia ya michoro ya vitambaa, na zaidi ya 800 imehifadhiwa. Ukiipitia kwa mfuatano wa miaka unaona jinsi ua la mwaka huu lilivyolitupa nje la mwaka jana, na mtande uliokuwa umetandwa kwa ajili ya ua la zamani ukapoteza thamani. Mbaya zaidi ulikuwa msiba wa kifalme. Mfalme George wa Pili alipofariki Oktoba 1760, watu wa nasaba walivaa nguo nyeusi za msiba, hariri za rangi na maua zikakosa mnunuzi, na vitanda vya Spitalfields vikanyamaza. Fundi aliyekuwa hajawahi kumwona mfalme alifunga njaa kwa sababu mfalme amekufa.

Njaa hiyo ilimpeleka kwa mweka rehani. Shuka, sufuria ya shaba, koti la Jumapili, vyote viliingia na kutoka kwa utaratibu uliojulikana: koti likawekwa Jumatatu, likakombolewa Jumamosi jioni.

Kutokana na hayo msomaji ataelewa kwa nini bei ya kipande ilikuwa jambo la kufia. Mwaka 1719 wafumaji waliwashambulia barabarani wanawake waliovaa kaliko, pamba ya maua kutoka India, wakawachania nguo na kuwamwagia wino, mpaka Bunge likapitisha sheria ya kuipiga marufuku mwaka 1721. Siwezi kuwatetea kwa kitendo hicho. Waliopigwa walikuwa wanawake wa kawaida, wengi wao maskini kama wao. Baada ya Vita vya Miaka Saba kumalizika mwaka 1763, hariri ya Ufaransa ilifurika London na kazi ikakauka tena. Mei 1765, Baraza la Malodi, yaani baraza la juu la Bunge, lilipoukataa muswada wa kuizuia, maelfu ya wafumaji waliandamana wakiwa na bendera nyeusi na kuizingira nyumba ya Mtemi wa Bedford, aliyeupinga muswada huo, hata jeshi likaitwa. Mwaka uliofuata hariri ya kigeni ikapigwa marufuku.

Lakini ugomvi mkubwa zaidi ulikuwa wa nyumbani, kati ya mafundi na matajiri waliopunguza bei. Mafundi waliunda kamati za siri, wakachangisha fedha kwa kila kitanda, na usiku wakaingia katika nyumba za waliokubali bei ya chini wakaikata hariri iliyokuwa kitandani. Tafakari maana ya kitendo hicho kwa mtu ajuaye mtande mmoja unachukua siku ngapi kutandwa. Tarehe 30 Septemba 1769 askari walikivamia kilabu cha Dolphin, ambamo kamati mojawapo ilikutania, na watu wakauawa. Desemba 6 mwaka huo huo wafumaji wawili, John Doyle na John Valline, mmoja mwenye jina la Kiairishi na mwingine la Kifaransa, walinyongwa kwa kosa la kukata hariri. Hawakunyongwa Tyburn, mahali pa kunyongea watu wa London, kama ilivyokuwa desturi. Walinyongwa Bethnal Green, katikati ya majirani zao, na umati ukaung'oa mti wa kunyongea na kuusimika mbele ya nyumba ya tajiri aliyekuwa nyuma ya mashitaka.

Hatimaye, mwaka 1773, Bunge lilikubali kile ambacho mafundi walikuwa wakikidai: mahakimu wapange bei ya kazi, na tajiri atakayelipa pungufu au zaidi atozwe faini ya pauni 50. Sheria hiyo ilidumu hadi 1824. Wapo wataalamu wa uchumi wanaosema iliua kazi ya hariri London kwa kuwafanya matajiri wapeleke uzi mikoani ambako bei ilikuwa huria, na kweli baadhi walifanya hivyo. Hata hivyo, kwa miaka 50 fundi wa Spitalfields alijua yadi yake inauzwaje kabla ya kuianza, na hakuna ghasia kama zile za 1769 zilizorudi.

Nisije nikamwacha msomaji akidhani kwamba watu hawa walikuwa njaa na hasira tu. Walifuga chiriku katika vitundu vilivyotundikwa dirishani, wakishindanisha sauti zao, na wakastawisha maua ya mashindano, hasa tulipu, kwenye vishamba vidogo pembeni mwa mji. Mwaka 1717 mtaa ulianzisha chama cha hisabati kilichokutana kilabuni Jumamosi usiku, penye bia na kiko. Kanuni yake ilikuwa kwamba mwanachama akiulizwa swali la hisabati na mwenzake alazimike kumfundisha, la sivyo alipe faini. Kutoka katika mtaa huo alitokea John Dollond, mtoto wa wakimbizi wa Kifaransa aliyefuma hariri kwa miaka mingi huku akisoma hesabu na elimu ya mwanga usiku. Mwaka 1758 alipewa hataza ya lenzi ya darubini isiyotia rangi za uongo pembeni mwa picha.

Je, fundi huyu alikuwa huru kuliko kibarua wa kiwandani? Kwa saa zake, ndiyo: hakuna mtu aliyemfungia mlango wala kumkata ujira kwa kuchelewa dakika 10, na Jumatatu ilikuwa yake. Kwa riziki yake, hapana. Uzi haukuwa wake, mchoro haukuwa wake, wala kitambaa hakikuwa chake kilipokwisha, na wiki ambayo tajiri hakumpa mtande, uhuru wake wote ulikuwa uhuru wa kukaa dirishani na chiriku wake. Kiwanda kilipokuja, hakikumnyang'anya mali. Kilichukua mambo mawili ambayo mfumaji alikuwa nayo kweli, yaani mpangilio wa wiki yake na ufundi ambao ulichukua miaka 7 kuupata.

Msomaji akitaka kuwasikia mafundi hawa wenyewe, asianze na vitabu vya wachumi. Aanze na kumbukumbu za mahakama ya Old Bailey ya London, zilizochapishwa tangu karne ya 17 na ambazo siku hizi zinasomwa bure mtandaoni. Shahidi aliulizwa alikuwa wapi wizi ulipotokea, naye akajibu kwamba alikuwa kitandani pake akifuma, au alikuwa amekwenda kupeleka kazi, au ilikuwa Jumatatu na alikuwa kilabuni. Wanahistoria wamezikusanya kauli kama hizo kwa mamia na kuzipanga kwa siku na saa, na humo ndimo sehemu kubwa ya yale tunayoyajua juu ya wiki ya fundi ilimopatikana.